CO, nesi au famasi? Ulinganisho kwa aliyemaliza form four huku Mbeya, Iringa na Njombe

Kila mwaka matokeo ya form four yakishatoka, mwishoni mwa Januari hivi, simu yangu haipumziki. Shangazi wa Rungwe, jirani wa zamani wa Uyole, hadi mtu ambaye mara ya mwisho tuliongea msibani, wote swali ni lile lile: kijana kapata hivi na hivi, anataka mambo ya afya, sasa asome nini? Na ukiwasikiliza vizuri wengi wakisema afya wanamaanisha koti jeupe na kuitwa dokta, basi, hayo mengine watajua mbele ya safari. Mimi nafanya kazi kituo cha afya na kada zote hizi nakaa nazo kila siku, kwa hiyo nimeona niandike kila kitu mara moja, mtu akinipigia namtumia hii asome kwanza ndio tuongee.

Nazungumzia diploma tatu. Ya kwanza utabibu, yaani CO (Clinical Officer), ambayo wazee wetu bado wanamwita RMA au Medical Assistant kwa majina ya zamani. Ya pili uuguzi na ukunga. Ya tatu famasi. Maabara, mionzi na meno nazo zipo na ni nzuri tu ila hizi tatu ndio watu wanakwama katikati yake, nikisema niweke zote tutakesha hapa.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Nitazipima kwa mambo sita: cheti chako cha form four kinakuruhusu wapi, hela itakayotoka, maisha ya chuo na wodini, kazi yenyewe ikishaanza, ajira inapatikanaje, na mlango wa kuendelea na shule baadaye. Nimeacha makusudi suala la ipi ina heshima zaidi maana hilo kila ukoo una jibu lake na halimsaidii anayelipa ada.

Na mshahara nao nauweka pembeni mapema ili tusipotezeane muda. Kwa serikalini, mwenye diploma ya utabibu, ya uuguzi na ya famasi wote wanaanzia ngazi ile ile ya mshahara, TGHS B. Kwa hiyo yule mjomba anayekwambia soma CO kwa sababu manesi hawalipwi hajui anachosema. Tofauti inakuja kwenye posho za shifti, on-call (kuitwa kazini nje ya zamu), nafasi ya kujiajiri na mahali ulipopangiwa, sio kwenye msingi. Kwa private huko ni mapatano yako na mwenye hospitali, na kwenye mapatano hayo kila mtu na bahati yake.

Muda nao unafanana. Diploma ni miaka mitatu, unapanda ngazi za elimu ya ufundi, NTA level 4, 5 mpaka 6. Ukiishia miaka miwili unakuwa na cheti, level 5, na hapo ndipo unakuta tabibu msaidizi au nesi wa cheti, na ngazi ya mshahara inakuwa ya chini. Kama uwezo wa miaka mitatu upo usiishie njiani kwa sababu tu umechoka mitihani, maana kurudi baadaye ukiwa na mtoto na kodi ya nyumba sio mchezo.

Cheti chako kinasemaje

Hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya ndoto. Zote tatu wanataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini. Kwa utabibu na uuguzi, ndani ya hizo nne lazima ziwemo kemia, bailojia na fizikia. Kwa famasi wanasisitiza kemia na bailojia. Kwa hiyo kijana ambaye fizikia imemgomea kabisa, famasi inabaki wazi kwake wakati zile mbili zimeshafunga mlango, isipokuwa akubali kurisiti, yaani kurudia mtihani.

Hesabu na kiingereza wanaziita nyongeza, na hili neno nyongeza limewaponza wengi. Kuingia diploma unaingia bila hesabu, sawa. Ila ngoja miaka mitano ipite, upo kazini, unataka kwenda kusoma MD, digrii ya udaktari, ndio unaambiwa kutoka diploma ya utabibu wanataka GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 na juu yake D ya hesabu, kemia, bailojia, fizikia na kiingereza za form four. Digrii ya uuguzi nayo ni hivyo hivyo. Sasa mtu mzima mwenye miaka thelathini anaanza kutafuta tuisheni ya logarithimu Mwanjelwa, na wapo, nawajua. Kama umepata F ya hesabu na bado unakaa nyumbani unasubiri chuo, jisajili urisiti hilo somo moja sasa hivi kichwa kikiwa bado kina moto.

Kingine, D ndio kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, haimaanishi utapata. Vyuo vya serikali nafasi chache waombaji wengi, mwenye C na B anakupita. Mwenye D tupu apange mapema chuo cha mission au private kama chaguo halali kabisa na asione kama adhabu.

Hela

Kwa vyuo vya serikali ada ya kozi hizi imekuwa ikizunguka kwenye milioni moja na ushee kwa mwaka, private na mission inapanda kutoka hapo na vingine vinapanda kweli kweli. Usimsikilize mtu, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, kila chuo kimeandikwa na kozi zake na ada yake. Ila ada ni nusu tu ya habari. Kuna hosteli, chakula, bima, michango ya mitihani, na nauli na malazi ya fildi (mazoezi ya vitendo hospitalini), ambayo huwa inakuja wakati mahindi bado yako shambani.

Kwa vifaa, utabibu utanunua stetoskopu, mashine ya presha, kipima joto, koti. Uuguzi ni yunifomu zaidi ya moja maana moja ikilowa damu usiku asubuhi unahitaji nyingine, viatu vya kufunga, saa ya kuhesabia mapigo, na boksi za glavu ambazo kwa karatasi ni za hospitali ila kwa hali halisi mwanafunzi anajikuta ananunua. Famasi ndio nafuu kidogo kwenye vifaa, koti na vitabu.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 bodi ya mikopo, HESLB, ilianza kutoa mkopo hata kwa diploma kwenye maeneo ya kipaumbele na afya imo. Haiwafikii wote, na karatasi zake zinataka utulivu, ila kuna wazazi bado wanaamini mkopo ni wa chuo kikuu tu, wanauza ng'ombe wa mwisho bila hata kuomba. Ombeni jamani.

Huku kwetu wengi wanalipa kwa msimu: viazi Makete, parachichi Njombe, mpunga Mbarali, kahawa Mbozi, mbao Mafinga. Ongea na chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu zinazoendana na mavuno yenu. Vyuo vya mission huku nyanda za juu wanaelewa sana hili kwa sababu mhasibu mwenyewe ana shamba.

Chuoni na wodini

Kwa utabibu, chuo cha Mafinga na PHCI, chuo cha afya ya msingi, pale Iringa ni vya serikali na vimetoa ma-CO wengi sana waliotapakaa zahanati za mikoa hii. Kwa uuguzi, serikali ina Tukuyu na Njombe, na upande wa makanisa kuna Ilembula, Bulongwa, Ilula, Lugarawa, Mbozi, vyuo ambavyo vimeshikamana na hospitali kwa hiyo mwanafunzi anatoka bwenini anaingia wodini kwa miguu. Famasi, Iringa mjini kuna chuo kikuu cha RUCU wanatoa diploma, na private kadhaa wameanzisha. Vingi siku hizi vina kozi zaidi ya moja kwa hiyo usikariri kwamba chuo fulani ni cha manesi tu.

Mwaka wa kwanza wa utabibu ni anatomi, fiziolojia, na kukariri mpaka unaota mifupa. Unajifunza kuchukua historia ya mgonjwa, kumpima mwili mzima kwa mpangilio, halafu unasimama mbele ya mwalimu na wenzako unaeleza unadhani ni nini na kwa nini sio kile kingine. Watu wenye aibu wanateseka hapo. Sapu, mitihani ya kurudia, ni nyingi, na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kupo, sio hadithi ya kutishia watoto.

Uuguzi unaanza kushika mgonjwa mapema zaidi. Unatandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, unaogesha, unapima joto na mapigo, unaandika, unarudia. Una kitabu cha vitendo na kila kitendo ulichofanya kinasainiwa, bila sahihi ni kama hukufanya. Halafu unafika leba, wodi ya kujifungulia. Niwaeleze leba kidogo kwa sababu ndio inayowatoa watu kwenye kozi au inawafanya waipende moja kwa moja. Usiku, akina mama watatu wote wako kwenye uchungu, mmoja ndio uzao wa kwanza anamwita mama yake kwa Kinyakyusa, wewe una partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, mezani unatakiwa kila nusu saa usikilize mapigo ya mtoto uweke nukta, ukisahau nukta mbili hujui tena kama mtoto anachoka au yuko sawa. Mstari ukivuka ile alama ya tahadhari unamwamsha sista, hungojei kupambazuka. Hapo hapo glavu zimeisha kwenye boksi na wa kitanda cha pili anasema kinatoka. Mtoto akilia, uchovu wote unaisha. Ukiona maelezo haya yamekuvuta, wewe ni nesi. Ukiona yamekupa kizunguzungu usijilaumu, endelea kusoma mbele.

Wanaume, msiogope uuguzi. Wapo wengi na vijijini wagonjwa watakuita dokta hata ukikataa. Leba kuna akina mama wengine watasema sitaki kaka anizalishe, unaheshimu, anakuja mwenzako, maisha yanaendelea.

Famasi ni kemia, hesabu za dozi, dawa na dawa, sheria za kutunza na kutoa. Darasa na maabara zaidi, wodi kidogo. Fildi unakaa dirishani na stoo. Damu huioni mara nyingi, na kwa watu wengine hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Kwa kozi zote, hakikisha umepata chanjo ya homa ya ini B kabla ya fildi, na ujue kwamba ukijichoma sindano unaripoti hapo hapo, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndio bora. Huku kwetu hili sio la kusoma tu kwa ajili ya mtihani. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na ndio mikoa mitatu ya juu kabisa bara. Maana yake mwanafunzi wa huku anajua CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), dawa na ushauri kabla hata hajamaliza, na ni ujuzi unaoheshimika kokote atakakokwenda.

Halafu baridi. Mtu wa Kyela anayepangiwa Bulongwa au Mafinga anunue blanketi zito kabla ya stetoskopu. Mwezi wa sita na wa saba maji ya kuogea asubuhi ni adui wa elimu.

Kazi yenyewe ikishaanza

CO: Jumatatu asubuhi benchi la OPD, wagonjwa wa nje, limejaa mpaka nje. Mtoto ana homa, unauliza imeanza lini, anakula, anatapika, unampima, unamtuma akafanye kipimo cha malaria, kinarudi negativu, mama anakuangalia kwa macho ya kusema "sasa nipe tu dawa ya malaria", na wewe inabidi utafute homa inatoka wapi huku foleni inasonga na kila mmoja umwandike kwenye kitabu cha MTUHA, cha takwimu za afya, au kwenye kompyuta kama mfumo uko hewani. Uamuzi ni wako. Zahanati ya kijijini mara nyingi CO ndiye mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, kwa hiyo pamoja na kutibu una ripoti za mwisho wa mwezi, vikao vya kamati, friji ya chanjo imezima, mtendaji anataka takwimu. Mipaka ipo pia: upasuaji mkubwa sio wako, na kujua saa ya kuandika rufaa kwenda wilayani ni nusu ya utaalamu wako. CO mzuri namtambua kwa rufaa zake, sio kwa dawa anazoandika.

Nesi: yuko na mgonjwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. CO au daktari anapita anaandika anaondoka, nesi ndiye anayetundika dripu, anayegundua saa nane usiku kwamba mgonjwa wa kitanda namba tano anahema vibaya, anayeongea na ndugu. Shifti zinazunguka, asubuhi, jioni, usiku, na sikukuu ni siku ya kazi. Kwenye zahanati nesi anabeba kliniki ya mama na mtoto, chanjo, uzazi wa mpango na kuzalisha, na kama CO amekwenda semina basi anabeba na OPD. Mgongo na miguu vinalipa gharama. Ila pia ndio kada ambayo wagonjwa wanarudi na kuku wa shukrani.

Famasi: unapokea karatasi, unaangalia dozi, unagundua CO kaandika dozi ya mtu mzima kwa mtoto wa kilo kumi na mbili, unamrudia kwa adabu bila kumwaibisha mbele ya mgonjwa. Unahesabu vidonge kwenye sinia kwa kijiko bapa, tano tano, unafunga, unaeleza kwa lugha ambayo bibi ataelewa, na unamwomba arudie alichosikia. Nyuma yako kuna stoo: bin kadi (kadi ya hesabu ya kila dawa), leja, tarehe za kuisha muda, oda ya kwenda MSD, bohari ya dawa ya serikali (Mbeya wana kanda yao na Iringa pia), na siku dawa haipo ni wewe unayeambiwa maneno kana kwamba umeila. Usiku ni nafuu kuliko uuguzi, sehemu nyingi. Anayependa mpangilio na hesabu atafurahi hapa, anayependa kukaa na watu muda mrefu ataona dirisha ni ukuta.

Ajira

Sitadanganya mtu, zote zina foleni. Serikali inatoa ajira kwa awamu, mnaomba wengi mnaitwa kwenye usaili, na katikati ya kumaliza chuo na kupata barua kuna kipindi cha kujitolea zahanati au kituo cha afya kwa posho ya vocha. Kujitolea kuna faida maana leseni haikauki na watu wa halmashauri wanakujua, ila weka muda, usijitolee mpaka uzeeke.

Uuguzi una nafasi nyingi zaidi kwa idadi kwa sababu hospitali moja inahitaji manesi wengi kuliko ma-CO, na hospitali za mission huku kama Ikonda, Ilembula, Tosamaganga na Mbozi zinaajiri zenyewe. Waombaji nao ni wengi vile vile. Mlango mwingine wa nesi ni nje ya nchi, ila huko wanataka uzoefu, mitihani yao na lugha, na dalali anayekuomba hela ya viza kwa M-Pesa mkimbie.

Kwa CO kuna zahanati za private, Mbeya mjini, Tunduma, Makambako, Iringa, zinapenda CO kwa sababu anatibu na gharama yake ni ndogo kuliko daktari. Ila vijijini ndiko CO anakohitajika hasa, na anayekubali Chunya ndani au Ludewa kando ya ziwa anakuwa na njia pana kuliko anayesema Mbeya mjini au sitaki.

Miradi ya VVU ilikuwa inaajiri kada zote hizi kwa mikataba mizuri. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada watu wengi walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache, kwa hiyo usichague kozi kwa kumwangalia binamu aliyekuwa anaendesha gari la mradi.

Famasi ina kitu ambacho hizi mbili hazina kwa urahisi: biashara. Maduka ya dawa hayaishi kufunguliwa, mwenye duka anahitaji mtu aliyesoma, na wewe mwenyewe ukiwa na mtaji unaweza kuingia kwenye duka la dawa muhimu, mfumo ambao ulianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003. Ila jua sheria kabla hujapanga fremu: famasi kamili lazima isimamiwe na mfamasia mwenye digrii, diploma inafanya kazi chini yake. Na zahanati nyingi za kijijini hazina mtu wa famasi kabisa, dawa anatoa nesi au CO, kwa hiyo ajira ya serikali kwa famasi iko zaidi vituo vya afya na hospitali.

Kila kada ina baraza lake na leseni yake: utabibu ni Baraza la Madaktari, uuguzi ni TNMC, baraza la wauguzi na wakunga, na kuna mtihani wa usajili baada ya chuo, famasi ni Baraza la Famasi. Bila leseni wewe ni mtu mwenye cheti tu.

Kuendelea na shule

Zamani CO alikuwa anapanda kwenda AMO, daktari msaidizi, kisha wengine wanakwenda MD. Mafunzo ya AMO yamesitishwa, kwa hiyo CO wa leo anaruka kwenda digrii moja kwa moja kwa masharti niliyosema juu, na nafasi za MD zinagombaniwa na form six wenye PCB (fizikia, kemia na bailojia) nzuri. Inawezekana, wapo waliofanya, lakini usiingie utabibu ukidhani ni njia ya mkato ya udaktari. Kama lengo lako ni MD tu na matokeo yako ya sayansi ni mazuri, nenda form five na six, utafika mapema zaidi.

Uuguzi ngazi zake ziko wazi: diploma, digrii, halafu utaalamu kama ukunga, watoto, wagonjwa mahututi, afya ya akili, au ualimu wa vyuo. Famasi unakwenda digrii ya famasi, na hapo ndipo ule usimamizi wa famasi unapokuwa wako.

Kwa hali yako sasa

Huna fizikia na hutaki kurisiti: famasi, ukiwa na kemia na bailojia. Unayo yote ila damu na harufu ya wodi vinakushinda kweli, yaani sio uoga wa kwanza tu, famasi tena au uangalie maabara.

Unapenda kuamua, huogopi kukosea mbele za watu na uko tayari kukaa kijijini ukiwa ndiye mkubwa wa zahanati ukiwa na miaka ishirini na nne: utabibu. Kama kijijini hutaki kabisa, fikiria mara mbili.

Una mgongo, una uvumilivu, na watu huwa wanakusimulia shida zao bila wewe kuuliza: uuguzi. Mama mwenye mtoto mchanga asiye na wa kumwachia usiku, uuguzi utambana miaka ya mwanzo kuliko zile mbili, sio kwamba haiwezekani, ila panga na bibi mapema.

Familia ina duka au mtaji kidogo Makambako au Tunduma: famasi ina mantiki. Familia haina kitu kabisa: omba chuo cha serikali kozi yoyote kati ya hizi utakayopata, omba na mkopo, na usikatae uuguzi wa Tukuyu kwa kusubiri CO ya private ambayo utaishia mwaka wa pili kwa kukosa ada.

Hela hakuna na D hazijatimia: urisiti. Wakati unasubiri, serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mafunzo ya miezi sita, wanachaguliwa kupitia kijiji au mtaa. Sio badala ya diploma, ila utajua kama kazi hii unaiweza kabla hujauza shamba.

Na mzazi, kabla hujatuma hata shilingi, ingia tovuti ya NACTVET uangalie kama chuo kimesajiliwa na kama kozi hiyo hiyo unayolipia imesajiliwa pale, maana kuna vyuo vina usajili wa kozi moja wanapokea watu wa kozi tatu. Halafu piga simu uulize mambo mawili: wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na wangapi kwa wodi moja. Chuo kikianza kukuzungusha kwenye hilo swali la pili, jaribu kingine.